Johan Kjeldahl: Alipima nitrojeni, dunia ikaiita protini

Kwenye lebo ya mfuko wa chakula cha kuku wa mayai kuna mstari unaosema protini ghafi, na mbele yake asilimia, mara nyingi 16 au 17 au hapo karibu. Wasikilizaji wa kipindi chetu cha mkulima hutuuliza namba hiyo inatoka wapi, nani kaipima, na kama inaaminika. Jibu linatupeleka mbali kidogo, hadi kwenye kiwanda cha bia nchini Denmark katika karne ya 19, kwa mkemia aliyeitwa Johan Kjeldahl. Jina lake linatamkwa karibu na Keldal, hiyo j haisikiki sana.

Tuseme mapema ili tusichanganyane huko mbele: kipimo cha Kjeldahl hakipimi protini. Kinapima nitrojeni. Maneno hayo mawili yanakaa karibu kiasi kwamba watu wengi, wakiwamo wasomi, huyachukua kama kitu kimoja. Tofauti yake imewahi kuua watoto, na tutafika huko.

Kjeldahl alizaliwa tarehe 16 Agosti 1849 huko Jægerspris, mji mdogo ulioko kaskazini mwa kisiwa cha Sjælland, kisiwa kile kile chenye mji mkuu Copenhagen. Baba yake alikuwa daktari. Kijana alisoma Roskilde, kisha akaenda chuo cha ufundi Copenhagen na kumaliza mwaka 1873. Baada ya hapo akawa msaidizi wa maabara wa Profesa Barfoed katika chuo cha mifugo na kilimo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya pili: kusafisha vyombo, kupima uzito, kuandika namba, kurudia.

Hali ya wakulima wa Denmark miaka hiyo inafaa kueleweka. Nafaka za bei rahisi kutoka Marekani na Urusi zilikuwa zinamiminika Ulaya, na mkulima wa Denmark aliyezoea kuuza ngano na shayiri akajikuta hauzi kwa faida. Wengi wakageukia ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Sasa mtu anayeuza nafaka anataka kujua uzito wa gunia tu, lakini anayelisha mifugo anataka kujua kilichomo ndani ya gunia. Kwa hiyo swali la nguvu ya chakula lilikuwa hewani, hata kabla Kjeldahl hajaligusa.

Aliyempa nafasi ni mtengeneza bia. J. C. Jacobsen alikuwa amejenga kiwanda mwaka 1847 juu ya kilima nje ya Copenhagen, akakiita Carlsberg, yaani kilima cha Carl, kwa jina la mwanawe. Jacobsen alikuwa tajiri wa aina ambayo hatuioni mara nyingi. Aliamini kwamba bia ikitengenezwa kwa kubahatisha itaharibika siku moja, na kwamba dawa yake ni sayansi. Mwaka 1875 akaanzisha maabara na kumwajiri Kjeldahl. Mwaka uliofuata Kjeldahl akawa mkuu wa idara ya kemia, kazi aliyoishikilia hadi siku ya kifo chake.

Jacobsen aliweka sharti moja ambalo kwetu ndilo linalotufanya tumheshimu: lolote litakalogunduliwa pale lenye faida kwa elimu au kwa kazi lisifichwe, litangazwe kwa wote, hata kwa washindani wake wa biashara. Na si maneno tu. Mtafiti mwenzake Kjeldahl, Emil Christian Hansen, alipofanikiwa mwaka 1883 kukuza chachu safi isiyochanganyika na chachu za mwitu, viwanda vingine vilipewa bure.

Kwa nini mtengeneza bia ahangaike na protini? Wanaochipusha ulezi au mtama kwa ajili ya pombe za kienyeji watatuelewa haraka. Nafaka inalowekwa, inachipua, inakaushwa, unapata kimea. Katika kuchipua, wanga na protini vya punje vinabadilika. Shayiri yenye protini nyingi mno ina wanga mdogo zaidi, kwa hiyo inatoa bia kidogo, na bia yenyewe huwa na ukungu. Ikiwa na kidogo mno, chachu inakosa nitrojeni ya kukulia na uchachukaji unasuasua. Jacobsen alihitaji kujua kiasi kilichomo kwenye shayiri anayonunua, kisha kiasi kilichobaki kwenye kimea, kisha kwenye bia.

Vipimo vilikuwepo, lakini vilikuwa vya taabu. Jean-Baptiste Dumas wa Ufaransa alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1830 kwamba unaweza kuchoma kitu chote, ukakusanya hewa ya nitrojeni inayotoka, ukapima ujazo wake. Mkononi mwa fundi ilikuwa njia nzuri sana. Lakini bomba likivuja kidogo, kazi yote imekwenda na maji, na sampuli moja ilikula muda mrefu. Wajerumani Varrentrapp na Will walileta njia rahisi zaidi mwaka 1841, ila haikuitoa nitrojeni yote katika kila aina ya kitu. Kwa kiwanda chenye sampuli nyingi kila wiki, zote mbili hazikutosha.

Kjeldahl akaja na kitu ambacho ukikiona leo utashangaa kwamba hakikugunduliwa mapema. Unachukua unga kidogo uliopimwa uzito, unautia kwenye chupa ya kioo yenye tumbo la mviringo na shingo ndefu, unamimina tindikali ya salfa iliyo kali kabisa, unachemsha. Tindikali inakula kila kitu. Unga unakuwa mweusi kama lami, kisha polepole unasafika hadi maji yanakuwa maangavu. Kaboni imeondoka kama hewa. Nitrojeni haijaondoka, imenaswa ndani ya tindikali kama chumvi ya amonia. Shingo ndefu ya chupa ina kazi yake: mvuke wa tindikali unapoa njiani na kudondoka tena chini, na matone hayarukii nje.

Hatua ya pili, unapooza, unaongeza kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, hadi tindikali yote iishe nguvu. Sasa amonia haina pa kujificha. Ukichemsha tena inatoka kama mvuke wenye harufu kali, unaupitisha kwenye bomba la kupooza na kuudaka katika chombo kingine. Hatua ya mwisho ni kuhesabu amonia hiyo. Maabara za leo hudondosha tindikali yenye nguvu inayojulikana, tone baada ya tone, hadi rangi ibadilike. Idadi ya mililita inakupa nitrojeni.

Uzuri wake ni kwamba mtu mmoja aliweza kuchemsha chupa kadhaa kwa pamoja na kupata majibu mengi kwa siku. Hakuhitaji kunasa hewa ya nitrojeni. Tarehe 7 Machi 1883 Kjeldahl aliieleza njia hiyo mbele ya chama cha wakemia mjini Copenhagen, na mwaka huo huo ikachapishwa kwa Kijerumani, lugha iliyosomwa na wakemia wengi wakati ule. Hakuiuza wala hakuifungia. Ndani ya miaka michache ilikuwa imesambaa Ulaya na Marekani, na wengine wakaanza kuikarabati: Wilfarth mwaka 1885 aliongeza madini ya kuharakisha uchemkaji, Gunning mwaka 1889 akaongeza chumvi ya potasiamu inayoifanya tindikali ichemke kwa joto la juu zaidi.

Hadi hapa kila kitu ni safi. Chupa ya Kjeldahl inaeleza vizuri sana kiasi cha nitrojeni. Sasa namba ya protini inatoka wapi?

Inatoka kwenye kuzidisha. Protini zina nitrojeni, wakati mafuta, sukari na wanga havina. Wakemia wa kale walipima protini chache walizoweza kuzisafisha na kukuta nitrojeni ni kama asilimia 16 ya uzito wake. Mia gawanya kwa 16 ni 6.25. Basi ukipata nitrojeni, zidisha kwa 6.25, uite jibu protini. Huko Weende, Ujerumani, wataalamu wa chakula cha mifugo walikuwa wakitumia hesabu ya namna hii tangu miaka ya 1860, kabla ya chupa ya Kjeldahl. Wao ndio waliolipa jibu hilo jina la protini ghafi, na neno ghafi pale si pambo. Ni kukiri kwamba jibu halijachujwa.

Shida ya kwanza ni kwamba protini zote hazina nitrojeni sawa. Mwaka 1931 mtaalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani, D. B. Jones, alitoa orodha ya namba zinazofaa kila zao. Maziwa ni 6.38. Mchele 5.95. Soya 5.71. Ngano karibu 5.7. Karanga 5.46. Tuchukue karanga zilizokutwa na nitrojeni asilimia 4.5. Kwa 6.25 unapata protini asilimia 28.1. Kwa namba yake halisi unapata 24.6. Karanga ni zile zile, chupa ni ile ile, nitrojeni ni ile ile, lakini karibu pointi tatu na nusu zimezaliwa na hesabu ya karatasi. Kwa hiyo watafiti wawili wakitangaza kwamba mbegu yao mpya ina protini nyingi kuliko ya mwenzake, jambo la kwanza la kuuliza ni kila mmoja alizidisha kwa ngapi. Sisi tumesoma ripoti ambazo hazisemi kabisa, na tunaona hilo ni kosa zaidi ya uzembe.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Mmea una nitrojeni nyingi isiyokuwa protini. Ukijani wa majani wenyewe una nitrojeni. Vinasaba vina nitrojeni. Sumu ya muhogo mchungu, ile inayotufanya tuloweke na kuanika, ina nitrojeni, na mzizi wa muhogo kwa jumla una nitrojeni nyingi isiyo ya protini kiasi kwamba kuzidisha kwa 6.25 kunaupa sifa usiyostahili. Mchicha uliomwagiwa mbolea nyingi hujaza naitreti kwenye majani na mabua. Hapo ndipo njia zinapogombana: chupa ya Kjeldahl katika hali yake ya kawaida haiikamati naitreti yote, wakati njia ya Dumas ya kuchoma inaikamata. Jani moja, maabara mbili, majibu mawili, na hakuna aliyedanganya.

Shida ya tatu ni mtu anayetaka kudanganya. Mbolea ya urea unayonunua dukani imeandikwa nitrojeni asilimia 46. Zidisha kwa 6.25. Kwa hesabu hiyo kilo 100 za urea zina kilo 287 na nusu za protini! Ni kichekesho, lakini chupa haicheki. Kilo moja tu ikiingia katika kilo 100 za chakula, inapandisha protini ya kwenye karatasi karibu pointi tatu. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoweza kuigeuza urea kidogo kuwa protini, na ndiyo maana wataalamu hufundisha kuichanganya na mabua kwa vipimo vya uangalifu, kwani ikizidi inaua. Kuku hana uwezo huo. Kuku aliyelishwa namba hatagi.

Mwaka 2007 nchini Marekani mbwa na paka walianza kufa kwa figo. Chakula chao kilikuwa na unga wa protini ya ngano ulioagizwa China, na ndani yake ilikutwa melamini, malighafi ya zile sahani ngumu zisizovunjika zilizojaa majumbani kwetu. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni. Mwaka uliofuata ikaja habari mbaya zaidi kutoka China kwenyewe. Maziwa yalikuwa yakiongezwa maji ili yawe mengi, na kwa kuwa maji hushusha nitrojeni, melamini iliongezwa kuirudisha juu. Kipimo kikapita. Watoto wachanga karibu 300,000 waliathirika, wengi kwa mawe kwenye figo, na serikali ya China ilitangaza vifo sita. Nchi nyingi zilizuia maziwa ya China mwaka huo, baadhi zikiwa za Afrika.

Kjeldahl alikuwa amekufa miaka 108 kabla ya hapo, na wapo walioandika kana kwamba kosa ni lake. Hatukubaliani nao. Chupa yake ilijibu sawasawa swali iliyoulizwa. Na kinga ilikuwepo siku nyingi. Unaijua kama umewahi kugandisha maziwa: ukitia kitu kichachu, protini inajikunja na kushikamana, maji yanabaki pembeni. Maabara hufanya hivyo kwa tindikali maalumu, huchuja, kisha hupima nitrojeni ya kilichoganda peke yake. Urea na melamini hubaki kwenye maji. Jibu hilo huitwa protini halisi. Ni hatua moja ya ziada, na inaongeza muda na gharama, ndiyo maana ilirukwa.

Wengine watauliza kwa nini isitumike njia mpya kabisa. Zipo. Oliver Lowry wa Marekani alitoa yake mwaka 1951, na Marion Bradford ya kwake mwaka 1976. Zote mbili hutumia rangi: unasaga jani, unachuja maji yake, unatia dawa, na kadiri bluu inavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Rangi ya Bradford ilitengenezwa zamani kwa ajili ya sufi, na wafanyabiashara Waingereza wakaipa jina la Kumasi, mji wa Waashanti huko Ghana ambao majeshi yao yaliuvamia. Ni haraka, na zinahitaji sampuli ndogo sana.

Lakini kwenye mimea zina mitego yake. Ule ukakasi unaousikia ukinywa chai kali au ukila ndizi mbichi unatokana na kemikali ambazo kipimo cha Lowry huzisoma kana kwamba ni protini, na ambazo kwa Bradford nazo zinaweza kuvuruga jibu. Tena bluu inalinganishwa na protini ya mfano, mara nyingi iliyotolewa kwenye damu ya ng'ombe, wakati protini ya jani haishiki rangi kwa kiwango kile kile. Na kilichoganda kwenye makapi bila kuingia kwenye maji hakihesabiwi kabisa. Kwa hiyo wanaotafiti mimea wakiwa makini hutumia njia mbili na kulinganisha, au huipasua protini yote hadi vipande vyake vidogo na kuvihesabu kimoja kimoja, kazi ghali ambayo maabara nyingi haziwezi kuifanya kila siku.

Turudi kwa mwenyewe. Baada ya 1883 Kjeldahl alikuwa mtu mashuhuri, ila hakuwa mtu wa kelele. Maandishi yake ni machache ukilinganisha na jina lake. Aliendelea na shayiri, kimea na sukari zake. Jacobsen alifariki mwaka 1887, maabara ikaendelea. Mwaka 1890 Kjeldahl aliingizwa katika chuo cha wanasayansi cha Denmark. Miaka ya mwisho haikuwa myepesi kwake, aliugua sonona na nguvu ya kazi ikapungua. Tunalitaja hilo kwa sababu wasifu mwingi wa watu wakubwa hulipita kimya, kana kwamba mtu mwenye akili nyingi haugui moyo.

Tarehe 18 Julai 1900, katikati ya kiangazi cha huko, alikwenda kuoga baharini Tisvildeleje, pwani ya kaskazini ya kisiwa kile kile alichozaliwa. Alifia majini. Alikuwa amebakiza chini ya mwezi mmoja kutimiza miaka 51.

Nafasi yake ilichukuliwa na S. P. L. Sørensen, ambaye mwaka 1909, katika maabara ile ile ya bia, alitoa kipimo cha pH, namba ile unayoambiwa ukipeleka udongo wako kupimwa uchachu. Ukiupeleka udongo huo kwenye maabara kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ukataka kujua nitrojeni yake, kipimo kinachotumika ni kile cha mwaka 1883: tindikali ya salfa, chupa ya shingo ndefu, moto, kostiki soda. Huko kwenye udongo hakuna anayezidisha kwa 6.25. Karatasi ya majibu itaandikwa nitrojeni.